Wawili wa Jina Moja

Jumanne asubuhi, Kutaisi ikinyeshewa,
nilisakinisha toleo jipya, la kumi na nne.
Nikabonyeza ndiyo, ndiyo, nakubali,
bila kusoma, kama bwana harusi anayetia sahihi.
Skrini ikasema: Imekamilika.
Nikateremka kununua mkate kwa jirani wa chini,
ule mrefu unaobandikwa ukutani mwa tanuri ya udongo,
nikarudi nao kwapani, ukiniunguza,
nikaamuru programu ijengwe.

Ikakataa.

Mistari mia mbili na kumi na saba, myekundu.
Maktaba haipatikani. Maktaba imepatikana, siyo yenyewe.
Nikauliza: wewe ni toleo gani?
Ikajibu bila haya: la tisa.
Nikauliza tena katika dirisha jingine:
la kumi na nne.
Mashine moja, swali moja, majibu mawili,
na kila jibu limevaa uso wa kweli.

Kipya kinyemi: wengi tunaishia hapo.
Kidonda tunakisoma baadaye.

Nikafanya yafanywayo na kila mtu.
Nikazima, nikawasha.
Nikafuta, nikasakinisha upya.
Nikatukana kwa lugha ya mama,
kisha nikaiomba radhi picha ya bibi ukutani.
Kufika saa nane mchana chai ilikuwa na utando
na mkate umebaki ganda.

Ndipo nikakumbuka kwamba mashine haina uongo,
ina utaratibu tu.
Ukiita jina, inafuata njia iliyoandikiwa,
folda baada ya folda, ikibisha hodi,
na wa kwanza kuitika "naam"
ndiye. Haimtazami usoni. Haimuulizi umri.
Nikaifungua ile njia,
nikaisoma kwa kidole kama mtoto wa chekechea,
na pale, mbele ya folda zote,
mstari mmoja wa Malkhazi,
aliyehamia Gdansk miaka minne iliyopita
akaniachia kiti chake, kikombe chake chenye ufa,
na maneno haya pembeni mwa mstari:
usiguse tafadhali. M.

Nikagusa.

Nikalifuta la tisa, na mizizi yake, na makombo.
Programu ikajengwa kwa sekunde arobaini,
kijani juu hadi chini.
Nikacheza kidogo, peke yangu, kati ya viti.

Saa nne usiku simu ya mezani ikalia.
Nani hupiga simu ya mezani siku hizi?
Sauti ya mwanamke mzee, kavu kama ganda la jozi:
"Mimi Tsiuri, mama yake Malkhazi,
wa huku bondeni, mto unapopinda.
Namba ya mto haijaja.
Huja saa tatu kila usiku. Nikiiona ndogo, nalala.
Nikiiona kubwa, nawapandisha kuku darini.
Leo sijui nifanyeje."

Nje, Mto Rioni ulikuwa ukinguruma gizani
na mvua haijapumzika tangu asubuhi.
Nikamwambia asikate.
Nikapekua. Kweli: programu fupi, mistari kumi na mmoja,
isiyo katika orodha yoyote,
iliyokuwa ikisoma kipimo cha darajani
na kumtumia mama ujumbe,
na lugha pekee iliyoijua ni ya toleo la tisa.

Mafahali wawili hawakai zizi moja.
Haya, nikajenga zizi la pili.
La tisa nikalirudisha, nikalipa folda yake,
jina kamili na namba mwishoni,
lisiitike tena lisipoitwa.
Nilikosea nukta moja. Nikarudia.
Simu begani, ajuza akihema sikioni mwangu.

"Imefika," akasema. Kisha kimya;
nikasikia akitafuta viatu.
"Mita tatu na robo. Kuku wanapanda."
Akakata bila kuaga.

Kabla ya kuzima taa nikalifungua tena lile faili,
na chini ya usiguse
nikaandika sababu.