Kuondoka Bure

Karatasi wameibandika kwenye mlango wangu,
mlango wa chumba cha kufulia,
kwa sababu ubao wa matangazo uling'olewa na upepo Januari
na hadi leo haujapatikana mwingine.
Majina saba. Pini moja.
Mikataba imefika kikomo; klabu inawashukuru;
wanaruhusiwa kuondoka bure.

Pini moja, jamani. Kona inapeperuka kila mlango ukifunguliwa.

Mwaka wa ishirini na sita huu nafua jasho la Inverlaird.
Wachezaji nawajua kwa soksi kabla ya sura.
Duthie, beki wa kati: kidole gumba chake cha kushoto kitatoboa hata bati.
Wiktor huikunja fulana iliyojaa tope
kana kwamba anairudisha dukani.
Struan glavu zake hanipi. Mama yake ndiye anayezifua,
golikipa wa miaka thelathini na moja,
na mimi sijawahi kumcheka
ila mara moja, tulipofungwa sita.

Duthie amekuja wa kwanza, na mfuko wa plastiki wa duka la samaki.
Misimu kumi na moja imeingia humo, na nafasi ikabaki.
Jumatatu anaanza kuezeka mapaa na shemeji yake.
"Huko nako ni kuzuia tu, Senga. Unazuia mvua."
Akacheka. Nikacheka. Mashine ikafika kwenye kukamua,
ikatutetemesha wote wawili, tukashukuru kelele.

Nimelitafuna hilo neno mchana kutwa.
Bure: bila kulipiwa.
Bure: bila faida, kutwanga maji.
Mtu bure: asiye na maana mbele za watu.
Na lile tunalosema pua ikinusa jambo: hii si bure.
Aliyeandika karatasi alikusudia lipi?
Sidhani kama alifika mbali hivyo.
Alikuwa na majina saba, na chai yake inapoa.

Saa kumi ameingia Callan Reekie, miaka kumi na tisa,
dakika tisa za ligi kwa msimu mzima,
zote ugenini, zote chini ya mvua ya mawe,
mpira akaugusa mara nne
(amehesabu yeye, si mimi).
Hakulia. Aliuliza tu kama anaweza kubaki na fulana,
ile namba ishirini na saba.

Nikapiga simu juu, ofisini.
Wakanisomea kanuni: fulana ni mali ya klabu.
Anayeitaka atalipa pauni hamsini na tano.

Basi hesabu imekaa hivi.
Mguu wa kulia, bure.
Mguu wa kushoto, aliouvunja mazoezini Oktoba, bure.
Basi la saa kumi na moja na nusu alfajiri,
barafu kwenye vioo, mkate mkavu mkononi, bure.
Kitambaa, pauni hamsini na tano.

Nikafungua daftari la vifaa, ukurasa wa Mei,
nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri wa shule:
Na. 27. Imeliwa na mashine. Haifai.
Nikaikunja kama anavyokunja Wiktor,
nikaiviringisha ndani ya taulo,
nikampa kijana bila kumtazama, naye akaondoka mbio
kama mtu aliyeiba.

Halafu nikaitazama ile karatasi mlangoni,
kona yake ikinipungia,
nikarudi kwenye daftari.
Na. 5. Imeliwa na mashine.
Na. 11. Imeliwa na mashine.
Wino ukaniishia kwenye ya nne. Nikachukua penseli.

Mwenyekiti akiuliza, nitamwambia
mashine ni kuukuu, na mwezi huu imeshikwa na njaa,
na kwamba mafundi wa kuitengeneza
hawaji bure.