Hulia Kivulini

Barafu ya Mejumaa huja na harufu ya changu.
Huichota kwenye maboksi ya samaki, Kongowea,
akaitia mfukoni, akaifunga gotini kwa Mwero.
Hasemi neno. Ananitazama tu.

Siku ya kumi ya kambi, Tononoka.
Udongo ulilia chini ya njumu kama kaukau.
Niliwaambia: kabaneni kweli!
Beki anayeogopa mguu wa ndugu yake
Jumamosi atamkimbia mgeni.
Na bado naamini hivyo.

Mwalimu wangu alituandikia ukutani, kwa chokaa:
mchumia juani hulia kivulini.
Nilikuwa na miaka kumi na tisa.
Sikuuliza ni kulia kupi.
Siku hizi goti langu huitangulia redio
kutangaza mvua.

Basi jana niliwapumzisha. Hakuna kukabana,
kunyoosha misuli tu, na uji wa mapema.
Chengo akaruka kutoka kitanda cha juu
kufuata chaja ya simu.
Kifundo kikaumuka kama hamri.
Barafu ikarudi. Harufu ileile.

Wenye timu wamepiga simu: unawadekeza?
Mamake Mwero amepiga simu: unaniulia mwana?
Nimewajibu wote wawili, "La,"
kwa sauti moja.

Saa kumi na mbili asubuhi. Filimbi i mdomoni.
Vijana kumi na tisa wananisubiri
niseme kabaneni, au niseme taratibu.
Nainama kwanza, naokota vijiwe langoni.
Kimoja. Kingine.
Hili angalau nalijua.