Taruma Linalocheza

Mtaimbo uliteleza Usoke, saa nne asubuhi,
ukanigonga juu ya sikio la kushoto.
Sikuzimia. Nilikaa kwenye kokoto, nikaomba maji,
nikamwambia Kapufi amalizie kukaza nati.
Kofia ilipasuka, kichwa hakikupasuka.

Picha ya hospitali ilitoka safi.
"Jeraha dogo," daktari alisema, "la kumshukuru Mungu."
Nikashukuru.
Kisha nikaanza kumimina chai pembeni ya kikombe,
na usiku, nikienda uani,
ukuta wa nyumba yangu mwenyewe
nikawa naupapasa kama mgeni.

Leo niko Tabora mjini, kwenye korido inayonuka dawa ya sakafu.
Dada Editruda amebandika utepe mwekundu chini, mita kumi.
Kiunoni amenifunga simu kwa mkanda mpana:
inasikiliza nyonga zako, anasema,
inaandika kila unapoyumba, hata usipojua.
Nacheka. Miaka ishirini na sita nimebeba pimamaji,
nimeinama juu ya chuma toka Malolo hadi Kaliua
nikiwaambia wenzangu: hapa pamezama, hapa pamevimba.
Leo mimi ndiye reli.

"Pole pole ndio mwendo," namwambia.
"Ndiyo, baba," anabonyeza saa. "Nataka kujua pole pole ngapi."

Natembea. Kisigino mbele ya vidole,
kisigino mbele ya vidole,
nimenyooka kama bwana harusi.
Nageuka. Narudi. Sekunde zake hazina lawama.
Nasimama mguu mmoja, macho wazi: sawa.
Nafumba macho: treni ya mizigo inapita kichwani
bila taa, bila honi,
na mkono wake uko karibu na kiwiko changu,
haujanigusa.

"Sasa tembea tena. Safari hii uhesabu
toka mia kurudi nyuma, ukitoa tatu tatu."
Hilo tu? Mimi niliyehesabu mataruma mchana
na usingizini nikaendelea?
Mia. Tisini na saba. Tisini na nne.
Tisini na moja.
Themanini na...
mguu wa kulia umetoka nje ya utepe
kama mbuzi aliyeona geti wazi.
Na nane, nasema, lakini nimekwisha simama.
Namba imepatikana, njia imepotea.
Tunarudia. Naipata njia, napoteza namba.

"Kujikwaa si kuanguka," namkumbusha.
"Si kuanguka," anakubali,
na anaandika.

Nakaa kwenye benchi. Kitu hiki nakijua.
Kuna taruma ambalo ukilitazama limelala vizuri,
nati zimekaza, kokoto zimejaa,
pimamaji inakuapia hakuna kasoro.
Subiri treni ipite.
Ndipo linapozama, unene wa kidole,
linainuka, linatema vumbi jeupe,
na ukigeuka tena limelala, halina habari.
Sisi huliita linalocheza.
Hulioni mpaka libebe.

Namweleza Editruda. Anaweka kalamu chini.
"Mnalitengenezaje?"
Unalishindilia kokoto chini yake, nasema,
kidogo kidogo, pande zote mbili,
na kwa wiki kadhaa kila treni
hupunguza mwendo hapo.
"Basi," anasema,
anaandika tarehe ya kurudi.

Jioni, Isevya, natoka dukani na Nyamizi.
Ananiuliza kama Kulwa ametuma ile ada.
Nasimama.
"Ametuma nusu."
Naye amesimama, kikapu kichwani,
hatazami miguu yangu, anatazama mbele kule
watoto wanakofukuza tairi.
Nikianza kutembea, ananyamaza
mpaka tuvuke mtaro.