Safu ya Pengo

Fomu ina kurasa kumi na moja.
Nimeitandaza mezani, ukumbi wa bati wa Glen Orrach,
karibu na hita inayokula sarafu
na kusinzia kila dakika ishirini.
Nje, mvua ya Uskoti
haijanyesha wala haijakoma:
inaning'inia tu, kama mgeni asiyejua kuaga.

Wamekuja tisa. Huu ni mwaka wa sita
tangu serikali iwauzie msitu:
misprusi iliyopandwa kwa rula, safu kwa safu,
na kando ya kijito
mialoni michache ambayo hakuna aliyeipanda.

Naanza. Nani ana cheti cha msumeno wa injini?
Mikono minne.
Viwili vimekwisha muda.
Cha Torquil kilifuliwa ndani ya suruali,
lakini picha yake bado inaonekana, sikio moja.

Nani anaweza kukadiria ujazo wa gogo
kabla dalali hajalikadiria yeye?
Kimya.
Beathag, muuguzi mstaafu, anaweka kikombe chini.
"Tuliuza malori matatu kwa bei ya mawili.
Liandike hilo."
Naliandika.

Kuzima moto?
Wanatazama dirisha linalotiririka, wanacheka.
Kisha hawacheki. Aprili iliyopita nyasi kavu zilishika
kutoka barabarani, siku mbili usiku na mchana,
wakaupiga moto kwa mafagio
na majembe ya bustani, na matusi.
Fomu haina kisanduku cha matusi.

Kusuluhisha migogoro, moja hadi tano?
Hapo viti vinalia.
Kuna suala la ua wa kuzuia kulungu,
nani alipe, upite wapi, nani alimwita nani mwizi.
"Sifuri," anasema Fearchar.
"Tano," anasema mkewe. "Si bado tunakuja?"

Ukurasa wa saba. Mifereji na makalavati:
nani anajua maji yanapita wapi
chini ya barabara ya magogo?

"Uisdean," wanasema,
wote kwa pamoja, kwa mara ya kwanza leo.

Napitisha kalamu kwenye mahudhurio.
Uisdean simwoni. Nauliza, amechelewa?

"Tulimzika Februari."

Hita inazima. Hakuna anayetafuta sarafu.

Safu ya kwanza, Ujuzi. Ya pili, Kiwango.
Ya tatu imeandikwa Pengo,
upana wa vidole viwili.
Naandika jina lake humo, na halienei,
linavuka mstari, linaingia
kwenye Mafunzo Yanayopendekezwa,
na mimi, mwenye katalogi ya kozi arobaini na mbili,
sina hata moja ya kupendekeza.

Tukatoka. Buti za kuazima,
visubi wakiniingia hadi kwenye kope.
Mbele alitangulia Oighrig, binti wa Torquil,
umri miaka kumi na minne, asiyestahili kuhojiwa
(kanuni yangu inasema kumi na sita).
Mwaka mzima alitoroka vipindi vya hesabu
akamfuata mzee yule na koleo.

Anasimama. Anakanyaga mara mbili, kisigino.
"Hapa."
Tunafukua majani, na kweli: mdomo wa saruji,
maji ya rangi ya chai yakisema peke yake.
Anasonga. "Hapa." Anasonga.
Hapa. Si hapa. Ngoja. Hapa.

Yalijengwa kumi na tisa, ndivyo risiti ya kale isemavyo.
Kufikia giza amepata kumi na moja.
Kwenye la kumi na mbili alikanyaga, akakanyaga,
akavuta pua kwa mkono wa koti
na kusema, "Hili aliniambia atanionyesha."
Torquil akajifanya anafunga kamba za buti.

Nimeandika hivi, ukurasa wa saba:
Kozi: kutembea.
Mkufunzi: Oighrig.
Wanafunzi: wote tisa, hata wasiosemeshana.
Muda: kabla ya theluji.
Gharama: jozi moja ya buti, namba thelathini na saba.

Najua ofisini wataurudisha, wataniomba asilimia.
Kumi na moja kwa kumi na tisa, nitawaambia, gawanyeni wenyewe.
Yaliyobaki yako chini ya barabara,
yanapita.