Nukta Nyekundu

Ukutani, chumba cha kulia, kiwanda cha nyama, Brooks, Alberta,
kati ya jokofu na mashine ya kahawa isiyorudisha chenji,
Darlene amebandika mtu wa karatasi.
Hana uso, hana jina,
kachorwa mbele na nyuma kama ng'ombe aliyepasuliwa.
Chini yake bakuli la vibandiko vyekundu, vidogo kama dengu.
"Weka panapouma," akasema. "Sitauliza ni nani."

Siku ya kwanza hakuna aliyeweka.
Tulikula tukimtazama.
Nje, nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Ndani, mnoa visu mmoja na foleni ya watu arobaini,
kwa hiyo tunakata kwa kisu butu,
na deni la kisu hulipwa na bega.

Nimehesabu. Mkanda ukienda, kichwa hakina kazi nyingine:
kila kipande mikato minne,
vipande kumi na viwili kwa dakika,
kifundo kinapinda, kinarudi, kinapinda.
Usiku vidole vitatu hulala kabla yangu;
navikung'uta gizani kama mtu anayeshusha kipimajoto.
Asubuhi vifungo vya shati la mwanangu navifunga kwa macho,
maana ncha za vidole haziniambii kitu.

Mama mkwe, kwenye simu: mvumilivu hula mbivu.
Sikumjibu.
Nilitaka kumuuliza, hiyo mbivu ikiletwa
nitaishika kwa nini?

Siku ya pili, nukta moja.
Ya tatu, kumi na moja.
Ijumaa mtu wa karatasi alionekana ana tetekuwanga,
ila tetekuwanga haichagui,
na hii ilikuwa imechagua:
bega la kulia,
kifundo cha kulia,
kisha kiunoni, mstari mzima, kama shanga.

Tulisimama mbele yake, sahani mkononi.
Miaka mitatu nilidhani mkono wangu ni mvivu.
Rogelio alidhani ni uzee, naye ana thelathini na sita.
Awil alilaumu godoro, akanunua jingine, kwa mkopo.
Kumbe sote tulikuwa na godoro moja,
la chuma, kimo sentimita tisini na tano,
lililopimiwa mtu ambaye hajawahi kuajiriwa hapa.

Jumatatu Darlene akaja na futi kamba.
Hakupima meza. Alipima viwiko vyetu.
Nyirakamana, aliyekuwa akikata nyama kwa ncha za vidole vya miguu,
alipewa jukwaa la kusimamia, akacheka
kwa kuwa kwa mara ya kwanza aliona utosi wa Rogelio.
Meza ya Awil iliinuliwa kwa magogo mawili.
Akaongezwa mnoa visu wa pili.
Kila saa tunabadilishana nafasi,
bega lipumzike kabla halijaomba.
Tuliomba pia mkanda upunguzwe, vipande kumi kwa dakika.
Ofisi ilisema italifikiria.
Inafikiria bado.

Vidole viwili vimenirudia. Cha tatu bado kinalala.

Mwezi Machi, mtu mpya wa karatasi.
Nukta chache safari hii, tunazihesabu kwa mkono mmoja.
Leonidasi, anayetundika mapande ya ng'ombe,
ambaye majira yale hakugusa bakuli hata mara moja
(binti yake yuko chuoni, na karatasi, alisema, zina masikio),
alibaki nyuma kengele ilipolia.
Nilirudi kuchukua glavu zangu nikamkuta kaishika nukta
kwenye ncha ya kidole, kama mtu aliyetoa mwiba
na hajui autupe wapi.

Hakuiweka begani. Hakuiweka kiunoni.
Aliibandika nje ya mwili, kwenye weupe,
sentimita chache mbele ya kiganja,
pale ambapo, mchoraji angemaliza kazi yake,
pangekuwa na meza.