Alama ya Penseli

Kilikaa ghala namba nne, bandari ya kusini,
chini ya turubai na magunia ya pamba yaliyooza,
miaka ambayo hata karani wa reli hakuihesabu.
Daftarini kiliandikwa: Boya kubwa, moja. Mwenyewe hajulikani.
Nami nilipita kando yake kila asubuhi nikienda kuchomelea meli,
nikakitundikia koti.

Mwalimu Rweyongeza wa fizikia ndiye aliyeinama,
akasugua ubavu kwa kiganja, akanyamaza.
Kisha, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto:
"Mama Lunyungu, hili boya limetoka juu."
Juu wapi? Nikadhani Bugando, mlimani.
"Juu kabisa. Lilirushwa na roketi, likazunguka dunia,
likarudi kwa parachuti. Halikubeba mtu.
Lilibeba saa, kipimajoto na mbegu."
Lililetwa kwa treni, maonyesho ya siku tatu.
Wenyewe waliondoka. Lenyewe lilibaki.

Tulilipeleka shuleni Igogo kwa mkokoteni wa samaki,
vijana kumi na wanne wakisukuma,
korongo wakitufuata kwa ajili ya harufu,
wakitegemea matumbo ya sangara.
Wakakuta sayansi.
Wakaondoka.

Sikuwafundisha anga, siijui.
Niliwafundisha nati:
kwamba iliyoshika kutu haipigwi, inabembelezwa,
mafuta leo, mafuta kesho, siku ya tatu inakubali.
Kashinje alihesabu ribiti mia sita na kumi na tatu,
akarudia, mia sita na kumi na mbili,
akalia kwa hasira
mpaka tukaipata moja ndani ya kiatu chake.
Limi alijitwalia ngao ya joto.
Akajaza sakafu hesabu za chaki: kasi, msuguano,
nyuzi elfu mbili.
"Hii ingeyeyusha jiko la shule," akasema,
"na sufuria. Na mpishi."

Mkuu wa shule akaleta makopo ya rangi, buluu na njano:
mgeni rasmi anakuja Ijumaa.
Limi akasimama mlangoni, brashi ya waya mkononi.
"Mkuu, huo weusi si uchafu.
Ndiyo njia kiliyopita.
Ukiupaka rangi, chombo hiki hakijawahi kwenda popote."
Rangi ikapakwa kwenye uzio.
Uzio ulipendeza.

Halafu Ngollo, ambaye darasani hasemi,
aliyechaguliwa kwa sababu ya mabega membamba tu,
akaingia ndani na tochi
kufungua bamba la nyuma.
Kimya. Kimya kirefu. Nikagonga ubavu.
"Kuna mtu ameandika," akasema.

Mshale. Msalaba mdogo. Maneno manne
ya lugha ambayo hata Mwalimu hakuijua.
Lakini mimi mshale ule nimeuchora kwenye meli
mara zisizo na idadi:
anza hapa, kaza hii kwanza,
mwenzangu wa zamu ya usiku, usinisahau.
Nikamwona huyo mtu, mwanamume au mwanamke sijui,
penseli nyuma ya sikio,
chai yake inapoa mahali penye theluji.

Ngollo akaomba penseli.
Alitoka magharibi, vumbi mpaka kwenye kope,
asiniambie kitu.

Tulikisimamisha juu ya jabali la uani.
Mji huu mawe hukaa juu ya mawe bila gundi,
hatukuhitaji jukwaa.
Ijumaa mvua ilivuka ziwa kabla ya mgeni rasmi,
na mgeni rasmi hakuvuka.
Tukala pilau yake.

Wakati watoto wanaosha sahani niliingiza kichwa, peke yangu, na tochi.
Chini ya mshale, kwa mwandiko uliolala kama majani:
Nati hii ilikuwa imelegea. Tumekaza.
Igogo, kidato cha tatu.
Kisha mshale wake mwenyewe,
ukielekea kwenye nati ya pili, ambayo hatukuwa tumeigusa.

Nilirudi kazini Jumatatu.
Ghala namba nne lina mahali patupu, duara safi sakafuni.
Koti nalitundika msumarini.
Na kila boya ninalolipita siku hizi
naligonga kwanza, kidogo,
nasikiliza.