Dakika ya Thelathini na Moja

Jumatatu ndiyo siku yangu ya chaki.
Nautoa ubao nje, naufuta kwa kanga iliyochakaa,
naandika kwa herufi ambazo mwalimu wangu wa darasa la pili
angezipa saba kwa kumi:

IJUMAA, saa moja na nusu usiku. MUZIKI.
JUMAMOSI, saa mbili kamili. SINEMA.
Ghalani, nyuma ya stesheni. Elfu tatu.
Wanafunzi buku. Ukija na kiti chako tutashukuru.

Ghala hili lilikuwa la kahawa.
Ukipiga ukuta kofi, vumbi bado linanukia magunia,
na sakafuni ipo mistari myeupe iliyotenga
mavuno ya Kilema na ya Machame
yasije yakagombana gizani.
Mstari mmoja sasa ndio ukingo wa jukwaa.
Mlangoni tumebandika: Usiegemee, rangi mbichi.
Rangi ilikauka tangu Pasaka.

Ijumaa anapiga Elinami,
yule wa tarumbeta za usharika,
ambaye Moshi nzima humsikia ikiwa imeinamisha kichwa.
Juzi alikuja kujaribu sauti. Akavua koti,
akapuliza kitu cha dansi, kifupi,
kama mtu anayeonja chumvi,
na mlinzi wetu, Mbonea, akavua kofia kwa mazoea,
akabaki ameishika, miguu ikimcheza.
"Ruksa?" akaniuliza.
Nikamwambia Ijumaa ni ruksa.

Sinema ni ya vijana watatu wa Rau.
Waliipiga kwa kamera ya kuazima, masika mbili,
ndiyo maana kaka wa kwenye hadithi
anaingia darajani ana ndevu,
anatokea ng'ambo hana.
Tutacheka. Wao wenyewe wanajua tutacheka.
Shuka la kuonyeshea tumelifua mara mbili.
Jenereta tumeahidiwa na kinyozi wa Kiusa
mradi mkewe na mashemeji wanne waingie bure.
Umeme wa Jumamosi hatuutaji kwa sauti.

Nilikuwa namalizia neno "kamili"
Apaikunda aliposimama nyuma yangu,
ndoo ya parachichi kichwani.
Hakuuliza hadithi inahusu nini.
Hakuuliza nani anamuoa nani.
"Mama anapita dakika ya ngapi?"

Kwa maana mama yake yumo.
Hakuigiza. Alikuwa akitoka sokoni Mbuyuni
na mkungu uliokosa mnunuzi, kamera ikamkuta,
akaitazama vile unavyomtazama mtoto wa jirani
anayekaribia kuvunja kitu,
akapita zake.
Sekunde nne. Nimezihesabu kwenye majaribio.
Agosti tulimzika. Elinami alipuliza.
Nyumbani kwao imebaki picha moja, ya kitambulisho,
na kitambulisho hakitembei.

"Ya thelathini na moja," nikamwambia.
"Mbwa akibweka mara ya pili, usipepese."
Akafungua pindo la kanga, akahesabu elfu tatu
zenye joto la kiuno.
Nilitaka kusema, aa, wewe tena, acha.
Akanitazama.
Ule mtazamo nilikuwa naujua.
Nikazipokea.

Alipokwenda nikarudi ubaoni.
Chini ya majina ya waigizaji palibaki nafasi
ya vidole viwili. Nikazibana herufi:
Na Ndeshukurwa, anapita.

Usiku mvua ikanyesha.
Asubuhi ubao mweusi tii,
Ijumaa yote imetiririka mtaroni,
pamoja na bei.
Leo nimeanza upya, chaki imebaki kipande.
Nimeanzia chini.